Haina Mshahara, Lakini Ina Hesabu

Masomo: Kutoka 18:13-27, 2 Wafalme 12:4-15, Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wakorintho 8:16-21



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya watu mnaowafahamu sana, lakini ambao hutajwa mara chache katika mahubiri. Si mapadre, si masista, wala si makatekista. Ni wale mnaowaona baada ya Misa wamebaki kwenye mabenchi ya mbele, au chini ya mti penye kivuli, na daftari zao mikononi, wakati wengine wote wamekwisha kwenda nyumbani kula. Hao ni wajumbe wa halmashauri ya parokia. Pengine kwenu mnaiita baraza la parokia. Wenzetu Waanglikana nao wana baraza lao, na Wapresbiteri wana wazee wao wa kanisa. Jina si hoja. Kazi ndiyo hoja.

Watu hawa hawalipwi. Mmoja ni mwalimu, mwingine ana duka la rejareja, mwingine ni mkulima, mwingine ni fundi wa cherehani. Jumamosi mwenzao anapalilia shamba lake, wao wako mkutanoni. Nauli ya matatu wanaitoa mfukoni mwao. Na mara nyingi shukrani wanayoipata ni kusikia watu wakinong'ona: "Hao wanakula pesa za kanisa."

Basi mwaka wa uchaguzi wa viongozi ukifika, watu wema wengi hukataa. Husema, "Nina shughuli nyingi," au, "Sitaki lawama." Nafasi zao zinachukuliwa na wale wanaotafuta jina, au zinabaki kwa wazee wale wale waliokwisha kuchoka. Hapo parokia huumia. Kwa hiyo leo tujiulize: kazi hii ni kazi gani? Ilitoka wapi? Na mtu ataifanyaje asipoteze jina lake jema, wala roho yake?

Jibu letu ni moja, na tunaomba mlishike tangu mwanzo. Kazi hii haina mshahara, lakini ina hesabu. Anayeikubali hukubali yote mawili.

SHAURI LA MKWE

Tuanze na Musa jangwani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tunasoma kwamba Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Watu walisimama mbele yake wakingoja. Yethro, baba mkwe wake, alipomtembelea, aliona jambo hilo, naye hakumsifu. Alimwambia kwamba atachoka yeye, na watu wake watachoka pamoja naye. Akamshauri achague watu wa kumsaidia, wasimamie maelfu, na mamia, na hamsini, na makumi.

Tazameni sifa ambazo Yethro alizitaka. Wawe watu wenye uwezo. Wawe wenye kumcha Mungu. Wawe wa kweli. Tena wawe wenye kuchukia rushwa. Hakusema wawe matajiri. Hakusema wawe wa ukoo wa Musa. Hakusema wawe wenye sauti kubwa mkutanoni.

Na tazameni tena, Musa alisikia. Yeye aliyesema na Mungu alikubali kushauriwa na mkwe wake, mtu wa Midiani, mgeni. Paroko anayesikiliza ushauri wa mkulima hajishushi. Anafuata njia ya Musa.

Sisi watu wa Kenya si wageni wa mabaraza. Wameru wana Njuri Ncheke, na Wamijikenda kule pwani wana wazee wa kaya. Babu zetu walijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo Kanisa linapotuita tukae pamoja na kushauriana, halituletei desturi ya kigeni.

WALE SABA

Sasa tuje katika Agano Jipya. Matendo ya Mitume, sura ya 6, yatuambia kwamba Kanisa la Yerusalemu lilipokua, manung'uniko yalizuka. Waumini waliosema Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao walisahauliwa chakula kilipogawanywa kila siku, huku wajane wa Waebrania wakipata.

Mnaona, ndugu zetu? Kanisa halijamaliza hata miaka mingi tangu Pentekoste, na tayari kuna malalamiko ya kabila na mgawo. Wenye kufikiri kwamba zamani hapakuwa na matatizo hawajasoma sura hiyo vizuri.

Mitume walifanyaje? Hawakuwaambia wenye kulalamika wanyamaze. Hawakusema, "Hayo ni maneno ya wachochezi." Waliita mkutano wa waumini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Waumini walichagua, na mitume wakawawekea mikono. Majina yao yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Yaani upande ule uliolalamika ndio uliopata watu wa kusimamia meza.

Hapo pana fundisho kubwa kwa parokia zetu. Kigango cha mbali kikilalamika kwamba mabati yote huenda makao makuu ya parokia, dawa si kukikaripia. Dawa ni kukipa kiti katika halmashauri. Wanaojaza mabenchi Jumapili wengi ni kina mama. Basi wasiitwe tu siku ya kupika chai ya Askofu, bali waketi na kusema neno wakati mambo yanapoamuliwa. Vijana nao ni vivyo hivyo. Asiyekuwa na mtu wa kumsemea mezani hujisemea njiani, na maneno ya njiani hayajengi.

KANISA LINASEMAJE?

Pengine mtu atauliza, "Je, halmashauri hizi zimeamriwa na nani?" Tueleze kwa kifupi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka pawe na mabaraza ya kusaidia kazi ya Kanisa, katika majimbo na, kadiri iwezekanavyo, katika parokia pia. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, wakachagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Ndiyo maana leo katika sehemu nyingi mjumbe wa parokia huanzia katika jumuiya, akapitia kigango, ndipo akafika parokia. Ni kama ngazi ile ya Yethro: makumi, hamsini, mamia, maelfu.

Kisha tarehe 25 Januari 1983, Papa Yohane Paulo wa Pili alitangaza kitabu kipya cha Sheria za Kanisa. Humo mna mambo mawili ambayo kila mjumbe ayajue.

La kwanza ni sheria namba 536. Inasema kwamba Askofu, baada ya kuwasikiliza mapadre wake, akiona inafaa, kila parokia iwe na halmashauri ya kichungaji. Paroko ndiye anayeiongoza, na kazi yake ni kusaidia uchungaji uendelee. Tena halmashauri hiyo hushauri. Haiamui badala ya paroko.

La pili ni sheria namba 537. Hiyo yahusu fedha, nayo haisemi "ikionekana inafaa." Inasema kila parokia lazima iwe na halmashauri ya fedha, ili waumini wamsaidie paroko kutunza mali ya parokia. Kwa hiyo paroko anayeshika fedha peke yake hajafuata sheria, hata kama ni mtu mtakatifu.

Tena hata miaka ya karibuni jambo hili halikusahauliwa. Sinodi ya Maaskofu iliyomalizika Roma mwezi wa Oktoba 2024 ilisisitiza kwamba mabaraza haya yafanye kazi kweli, yasiwe ya jina tu.

KUSHAURI SI KUTAWALA, WALA SI KUITIKIA TU

Basi kuna watu wanaosikia neno "kushauri" wakavunjika moyo. Husema, "Ikiwa hatuamui, twaenda kufanya nini?" Wengine, kinyume chake, huchaguliwa leo na kesho wamekuwa machifu. Wanamfokea katekista, wanamwamuru mpishi wa padre, wanataka ufunguo wa kila mlango. Wote wawili wamekosa njia.

Kushauri ni kazi nzito. Padre huhamishwa, waumini hubaki. Paroko mpya anapofika hajui mpaka wa shamba la kanisa ni huu mgomba au ule mwerezi. Hajui ni mzee gani aliyetoa kiwanja cha kigango, wala alikitoa kwa maneno au kwa maandishi. Hajui ni familia gani mbili zisizosalimiana, na kwa nini kwaya iligawanyika. Ninyi mnajua. Mkinyamaza, atajenga juu ya mchanga, na kosa litakuwa lenu pamoja naye. Mara nyingi ardhi ya kanisa husajiliwa kwa jina la wadhamini wa jimbo. Basi mjumbe mwaminifu huuliza mapema kama hati ipo na iko wapi, kabla watoto wa mtoaji hawajakua na kudai shamba la baba yao.

Na kushauri si kuitikia "Ndiyo, Baba" kwa kila neno. Sheria za Kanisa, katika namba 212, zinasema kwamba waumini wana haki, na mara nyingine wana wajibu, kuwaeleza wachungaji wao mawazo yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa, kwa heshima na kwa kufikiria faida ya wote. Angalieni, ni wajibu. Mjumbe aliyeona paa litaanguka akanyamaza ili asimuudhi padre, hajaonyesha heshima. Ameonyesha woga.

Lakini useme wapi? Sema mkutanoni. Ukishasema, sikiliza na wenzako. Ikiwa jambo limeamuliwa tofauti na ulivyotaka, wala si dhambi, lifuate pamoja na wengine. Usitoke pale ukaenda kituo cha matatu kusema, "Mimi nilikataa, lakini hawakunisikia." Wala usikimbilie kikundi cha WhatsApp usiku huo huo. Maneno ya namna hiyo ni moto katika nyasi kavu.

Tena kuna siri na kuna giza. Halmashauri ikisaidia familia isiyokuwa na chakula, jina la familia hiyo lisitoke nje ya kikao. Hiyo ni siri, na ni upendo. Lakini kiasi cha fedha kilichoingia na kilichotoka katika mfuko wa maskini, hicho watu wakijue. Kukificha hicho ni giza.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tumefika penye mwiba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza makuhani watumie fedha za watu kutengeneza Hekalu. Lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyufa zilikuwa hazijazibwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu fedha na kuzifunga katika mifuko. Kisha zikalipwa maseremala, na wajenzi, na waashi, zikanunua miti na mawe. Hekalu likatengenezwa.

Watu wawili, ndugu zetu. Mmoja wa madhabahuni, mmoja wa nje. Dawa ilikuwa rahisi hivyo.

Mtu mwenye kuijua Biblia atatuambia, "Lakini sura hiyo hiyo yasema kwamba wale waliowalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu." Ni kweli, imeandikwa hivyo. Lakini kumbukeni kwamba fedha zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na wawili kabla hazijawafikia. Na mtume Paulo, ambaye hakuna mtu mwaminifu kumpita, alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele ya Bwana, na mbele ya watu pia. Ikiwa Paulo alihitaji shahidi, mweka hazina wa parokia yetu ni nani asimhitaji?

Tuchukue mfano. Tuseme Jumapili moja sadaka katika kikapu ni shilingi 14,300. Zihesabiwe papo hapo, mezani, na watu wawili au watatu wasiotoka nyumba moja. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote watie sahihi. Jumatatu zipelekwe benki zote, na karatasi ya benki ibandikwe katika daftari.

Lakini mara nyingi hutokea hivi. Fundi wa bomba anangoja mlangoni, anadai shilingi 2,000. Mweka hazina, kwa nia njema, anamlipa kutoka kikapuni, kisha anaandika kwamba sadaka ilikuwa shilingi 12,300. Hakuiba hata senti. Lakini ameua ukweli mara mbili. Daftari halionyeshi tena waumini walitoa kiasi gani, wala halionyeshi kwamba fundi alilipwa. Mwaka ujao fundi akisema hakulipwa, nani atamshuhudia mweka hazina? Basi kilichoingia kiandikwe chote, na kilichotoka kiandikwe chote, kwa risiti. Kuku wa sadaka aliyeuzwa mnadani baada ya Misa naye aandikwe. Gunia la mahindi la mavuno liandikwe.

Siku hizi sadaka nyingi hupitia simu. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na leo hata nyanya kijijini anatuma zaka yake kwa simu. Ni jambo jema. Lakini namba inayopokea iwe ya kanisa, isiwe simu ya mweka hazina au ya mwenyekiti. Fedha za Mungu zikichanganyika na fedha za unga katika simu moja, hata malaika hawezi kuzitenganisha. Na taarifa ya simu isomwe mkutanoni pamoja na taarifa ya benki.

Kisha hesabu isomewe watu. Sheria za Kanisa, namba 1287, zinataka wasimamizi wawape waumini hesabu ya mali waliyoitoa, kufuatana na taratibu za mahali. Isomwe kwa lugha wanayoielewa, polepole, kisha karatasi ibandikwe mlangoni. Mama aliyetoa shilingi 20 ana haki ya kujua sawasawa na aliyetoa 20,000. Naye akiuliza, msimkasirikie. Kuuliza si kushtaki.

Hapo ndipo wajumbe wengine huudhika. Husema, "Mimi najitolea bure, na bado mnaniuliza?" Ndugu yetu, fikiri kidogo. Mfanyakazi mwenye mshahara ana kitu chake katika sanduku lile: mshahara wake. Wewe huna hata senti moja humo. Yote uliyoshika ni ya wengine. Kujitolea kwako hakukuondolei hesabu; ndiko kunakoizidisha. Na hesabu iliyo wazi ni ngao yako. Siku uvumi utakapozuka, hutajitetea kwa viapo. Utafungua daftari.

WANAOTUMIKIA, NA WANAOTOA SANA

Kuna mambo mawili zaidi yanayohusu fedha.

La kwanza ni wale tunaowaajiri: katekista, mlinzi, mpishi, mtunza bustani. Sheria za Kanisa, namba 1286, zinaagiza kwamba katika kuajiri watu tufuate sheria za kazi za nchi, tukawalipe ujira wa haki. Ni aibu halmashauri kujisifu kwa mnara mpya wa kengele, na mlinzi ana miezi mitatu hajalipwa, wala michango yake ya NSSF na ya bima ya afya haijapelekwa. Mjumbe asiyelipwa asisahau kwamba mlinzi hakujitolea. Mlinzi ana watoto wanaongoja karo.

La pili ni wageni wa heshima. Harambee imejenga makanisa mengi nchini, nasi tunashukuru. Lakini zawadi nyingine huja na kamba. Mwanasiasa hutoa fedha leo, na kesho anataka mimbari. Mwezi wa Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa michango iliyotolewa na Rais wa nchi na Gavana wa Nairobi katika kanisa la Soweto, Kayole, akaagiza irudishwe, ili Kanisa lisitumiwe kwa kujitafutia sifa za kisiasa. Si rahisi kurudisha fedha wakati paa halijaisha. Basi ni afadhali halmashauri ijadili mapema, kabla ya kuandika kadi za mwaliko: tutamwalika nani, atasema nini, na ni sharti gani tusilolikubali?

UKIONA UBAYA

Na je, ukiona fedha zinaliwa? Hapa mtu huhisi uzito wa kazi hii, maana mwenye kosa aweza kuwa rafiki yako, au shemeji yako, au mtu mkubwa.

Bwana wetu alitufundisha utaratibu katika Injili ya Matayo, sura ya 18. Mwendee mtu faraghani kwanza. Pengine ni kosa la hesabu tu. Asiposikia, mwendee na mmoja au wawili. Asiposikia bado, lipeleke mkutanoni, na maneno yaandikwe katika kumbukumbu. Ikiwa hata hapo hakuna lililofanyika, mwandikie dekano, kisha Askofu, barua yenye jina lako na sahihi yako. Barua isiyo na jina ni jiwe lililorushwa gizani. Huwezi kujua litampiga nani.

Pengine utachukiwa. Pengine mtu aliyekuwa akila kwako hataingia tena nyumbani mwako. Hatutawadanganya kwamba jambo hilo haliumi. Lakini fikirini wale wajane wa Yerusalemu. Kila shilingi iliyopotea katika parokia ilikuwa na mahali pake: ni dawa ya mgonjwa, ni karo ya yatima, ni mkate wa mtu. Ukinyamaza ili kulinda urafiki, mjane ndiye anayelipa gharama ya urafiki wako.

KUTOKA VIZURI

Neno la mwisho: muda wako ukiisha, toka. Toka kwa furaha. Kabidhi daftari, muhuri, funguo na karatasi zote mbele ya mashahidi, na aandikwe aliyepokea. Usikae na kitabu cha kumbukumbu nyumbani chini ya kitanda kana kwamba ni urithi. Kisha keti benchi la nyuma, umwombee aliyekufuata. Akija kukuuliza, mwambie unayoyajua. Asipokuja, usimsengenye.

Na ninyi ambao hamjawahi kutumikia, safari ijayo jina lenu likitajwa, msikimbie upesi. Hamhitaji kuwa na elimu nyingi wala mali. Mnahitaji zile sifa nne za Yethro. Na ninyi nyote mnaotumikiwa, mkimwona mjumbe wenu Jumapili hii bado ameinama juu ya daftari, mpelekeeni kikombe cha chai. Kisha muulizeni hesabu. Yote mawili ni upendo.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyempa Musa wasaidizi na mitume watu saba wenye hekima, uwatazame leo watumishi wako katika parokia na vigango vyetu. Wape moyo wa kusema kweli na sikio la kusikiliza. Ilinde mikono yao, na uyalinde majina yao. Utusamehe sisi tuliowasema bila kujua, na tuliokataa kuwasaidia kwa kuogopa lawama. Utufundishe sote kukumbuka kwamba siku moja tutasimama mbele yako na daftari la maisha yetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Mara ya mwisho hesabu ya parokia yetu ilisomwa lini, nasi tuliielewa?
2. Ni nani katika parokia yetu asiyekuwa na mtu wa kumsemea katika halmashauri?
3. Je, katekista wetu na mlinzi wetu wamelipwa mwezi huu?
4. Ni kitu gani hututia woga wa kukubali uongozi, nasi tunaweza kusaidianaje?